Je, Mikimbio Sita ni Mchezo?



Ndugu msomaji, tarehe 18 Juni 2019, katika uwanja wa kriketi wa Gahanga, huku kwetu wilaya ya Kicukiro, timu ya taifa ya wanawake ya Mali ilitolewa yote kwa mikimbio 6. Katika hiyo sita, mmoja tu ndio uliotoka kwenye gongo la mchezaji wao. Mitano iliyobaki ilikuwa ya ziada, ile ambayo timu hupewa bila mpigaji kupata sifa yake. Rwanda ikaingia kupiga, ikamaliza kazi kwa mipira 4. Kriketi ya ova 20 humpa kila upande mipira 120, kwa hiyo wenyeji walibakiwa na mipira 116 mkononi. Siku mbili baadaye Uganda ilipiga mikimbio 314 dhidi ya Mali hao hao, wachezaji wake wawili wakipita mia kila mmoja, kisha ikawatoa kwa 10. Tarehe 22 ikawa zamu ya Tanzania: 285 kwa 17.

Kwa mpira wa miguu sijui tulinganishe na nini. Labda mabao thelathini kwa bila, na mechi ikaishia kabla ya mapumziko.

Suala hili limejadiliwa bwenini kwetu zaidi ya mara moja, na kila mara watu hugawanyika. Wapo wanaosema mchezo ni mchezo, aliyeingia uwanjani ameyakubali yote. Wapo wanaosema ule haukuwa mchezo, ulikuwa kudhalilishana. Nimeona pande zote mbili zinalitumia neno "mchezo" kana kwamba maana yake inajulikana, na hapo ndipo nataka tuanzie, kwa sababu huwezi kusema kitu fulani si mchezo kabla hujasema mchezo ni nini.

Kiswahili chetu ni kikarimu mno katika neno hili. Bao ni mchezo. Ngoma huchezwa. Tamthilia ni mchezo wa kuigiza. Akina mama wanaochangishana fedha kila mwezi na kupokezana, nao wanasema wanacheza mchezo. Na mtu akitaka kukuonya kwamba jambo ni zito atakwambia: hili si mchezo. Neno moja limebeba furaha, ushindani, uigizaji, akiba na upuuzi. Kinyarwanda kimetenganisha kidogo: umukino ni mchezo wenye wachezaji na kanuni, na siporo, neno lililokuja na Wafaransa na Wabelgiji, wengi hulitumia kwa mazoezi ya mwili. Zile Jumapili mbili za mwezi ambazo magari huondolewa barabarani Kigali na watu wakakimbia, tunasema tunakwenda kufanya siporo. Hakuna anayeshinda, hakuna anayeshindwa, isipokuwa mwenye kitambi.

Kiarabu kina hazina kubwa zaidi, nacho kinatuhusu. La'ib ni kucheza, lahw ni kile kinachokushughulisha ukasahau, sibaq ni kushindana kwa mbio, na riyadha, neno ambalo leo Waarabu hulitumia kwa michezo ya viwanjani, asili yake ni kumfunza mwanafarasi mpaka akubali hatamu. Kwa hiyo Mwarabu anaposema riyadha, ndani ya neno kuna kiumbe kinachofundishwa. Naomba msomaji alishike hilo, nitalirudia.

Wataalamu nao wamejaribu kugawa. Mfaransa Roger Caillois, katika kitabu chake cha mwaka 1958, aliigawa michezo mafungu manne: ya kushindana, ya bahati, ya kuigiza na ya kizunguzungu kama pembea. Mwanafalsafa Bernard Suits, mwaka 1978, alikwenda njia nyingine. Kwake, kucheza ni kujiwekea kwa hiari kikwazo ambacho hakikuwa cha lazima, kisha kuhangaika kukivuka. Ungetaka tu mpira uingie wavuni ungeubeba kwa mikono usiku, hakuna mtu. Unakubali kutotumia mikono ili kuwe na kitu cha kukivuka. Wengine hugawa kwa mwili na akili, ndipo unapoibuka ubishi wa sataranji, ambayo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua shirikisho lake mwaka 1999 ingawa mchezaji haondoki kitini. Wengine hugawa kwa timu na mtu mmoja, kwa maji na nchi kavu, kwa mpira na bila mpira. Migawanyo hii inawafaa watunza maktaba. Haijibu swali la Gahanga, kwa maana mechi ya Mali ilikuwa na mpira, timu, kanuni na waamuzi, na bado kuna kitu kilikosekana.

Mgawanyo wetu sisi Waislamu msomaji anaujua, maana gazeti hili limeuandika mara nyingi: mchezo usipoteze swala, sitara ilindwe, kusiwe na kamari, kusiwe na madhara. Ibn al-Qayyim katika kitabu chake kuhusu furusiyya alikwenda mbali zaidi, akaigawa michezo ya kushindana mafungu matatu: yale anayoyapenda Allah kwa kuwa yanamjenga mtu kwa jambo la kheri, yale anayoyachukia kwa kuwa yanaleta uadui na kuzuia dhikri, na yale ya katikati, kama kukimbia na mieleka, ambayo ni mubaha. Mgawanyo mzuri. Lakini unapoutumia kama muhuri, halali au haramu, na kuishia hapo, unaukosa utajiri uliomo ndani ya vitabu vya fiqhi penyewe. Wanazuoni wetu hawakuuliza tu kama mashindano yanaruhusiwa. Waliuliza pia ni lini mashindano ni mashindano kweli.

Tazama sharti moja katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki. Imam Nawawi katika Minhaj, anapotaja masharti ya mbio za wanyama zenye zawadi, anataka mahali pa kuanzia na pa kumalizia pajulikane na pawe sawa kwa wote wawili, na anataka iwezekane kwa kila mmoja kushinda. Hili la mwisho ndilo muhimu kwetu. Mnyama mmoja akiwa dhaifu kiasi kwamba kushindwa kwake ni yakini, mapatano hayasihi. Si kwamba ni makuruhu, au kwamba ni utovu wa adabu. Kile walichokipatania hakipo. Mmeweka zawadi juu ya mashindano, na mashindano hayakuwepo.

Kuna hadithi ya Abu Huraira (r.a.) katika Abu Daud inayogusa jambo hilohilo. Watu wawili wameweka dau, na wa tatu anaingiza farasi wake kati yao. Akiwa hana uhakika kwamba farasi wake hatapitwa, hiyo si kamari. Akiwa na uhakika, hiyo ni kamari. Wanazuoni wamebishana juu ya nguvu ya hadithi hii, na Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim hawakulikubali sharti la huyo wa tatu. Siingii katika ubishi wao, si saizi yangu. Ninachokiangalia ni kwamba farasi ni yuleyule, uwanja ni uleule, dau ni lilelile, na kilichobadilisha jina la tendo zima ni uhakika wa matokeo.

Sasa tuna kitu cha kushika. Suits anasema mchezo unahitaji kikwazo. Wanafiqhi wanasema mashindano yanahitaji mpinzani anayeweza kukushinda. Katika kriketi, kandanda au mieleka, kikwazo chako ni yule mtu aliyesimama mbele yako. Yeye akiwa hawezi kukuzuia hata kidogo, unachovuka ni nini? Kwa kipimo hiki, mechi ya tarehe 18 Juni ilikuwa na umbo la mashindano bila kiini chake. Ilikuwa kitu kingine, na tukitafuta jina lake, jina la heshima zaidi ni somo. Wachezaji wa Mali walikuwa katika riyadha kwa maana ile ya asili, ya mwanafarasi anayejifunza hatamu. Kosa ni kwamba hakuna aliyeliita somo.

Na hapa lazima tuseme kwa nini halikuitwa hivyo. Kabla ya 2018, hadhi ya mechi ya kimataifa katika kriketi ya ova 20 ilikuwa ya timu chache. Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, likaamua kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2018 kila mechi ya ova 20 kati ya timu za taifa za wanawake za nchi wanachama itakuwa na hadhi hiyo. Nia ilikuwa njema. Msichana wa Kigali au Bamako angeingia katika orodha ileile na msichana wa Australia. Lakini daraja likifutwa, kinga nayo hufutika. Mechi ambayo miaka miwili kabla ingekuwa ziara ya kirafiki na kusahaulika ikaandikwa katika daftari la kumbukumbu za dunia: jumla ndogo kuliko zote. Idadi ile ikazunguka ulimwengu mzima siku ileile, na watu ambao hawakuwahi kusikia kwamba Mali kuna kriketi wakacheka. Sitawataja wale dada kwa majina hapa, ingawa majina yao yako wazi kwa anayetafuta.

Linganisha na Bi Aisha (r.a.). Katika hadithi ya mbio zake na Mtume (s.a.w.), alishinda mara ya kwanza, na baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume akashinda na kumwambia kwa utani kwamba hii ni kwa ile. Katika mapokezi ya Imam Ahmad, kabla ya kukimbia, masahaba waliambiwa watangulie mbele. Hapakuwa na watazamaji. Sisemi kila mbio zifanyike faraghani, lakini inaonyesha kwamba kushindwa mbele ya anayekupenda na kushindwa mbele ya dunia si jambo moja, hata kama miguu imekimbia umbali uleule.

Kuna kinachoongeza uzito. Mashindano yale yaliitwa Kwibuka, yaani kukumbuka. Yalianzishwa 2014, mwaka wa ishirini tangu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na hufanyika kila mwaka kwa ajili ya waliouawa. Kabla Gahanga haijafunguliwa Oktoba 2017, kriketi ya Rwanda ilichezwa hasa katika kiwanja cha shule ya ETO Kicukiro. Ni shule ileile ambayo maelfu ya watu waliikimbilia Aprili 1994 wakitegemea askari wa Umoja wa Mataifa, na tarehe 11 askari wale wa Kibelgiji wakaondoka, na watu wakapelekwa kuuawa kilima cha Nyanza. Watu walijifunza kurusha na kupiga mpira juu ya ardhi hiyo. Kwa hiyo mashindano ya Kwibuka tayari yana madaraja mawili ndani yake, ushindani na kumbukumbu, na timu zinazokuja ni wageni waliokubali kuja kukumbuka pamoja nasi. Mgeni aliyekuja kwa nia hiyo akarudi kwao na rekodi ya aibu. Nalitazama hili kama deni la wenyeji, ingawa si kosa la wachezaji.

Basi mwenye nguvu alitakiwa afanye nini? Jibu la haraka ni kwamba angelegeza. Silikubali. Ukimrushia mtu mpira wa kitoto ili apate mikimbio kumi, umemwambia kwamba humheshimu, na yeye anajua. Na wapo wa tatu: katika mashindano ya timu nne, wastani wa mikimbio unaweza kuamua nani anaingia fainali, hivyo Uganda ikilegeza mbele ya Mali inaweza kuwa imejidhulumu mbele ya Tanzania. Hata kanuni hazisaidii. Katika kriketi ndefu nahodha anaweza kutangaza kwamba amepiga vya kutosha. Katika ova 20 za kimataifa haruhusiwi. Mei 2025 huko Bangkok, wanawake wa Falme za Kiarabu walifikisha 192 dhidi ya Qatar bila kupoteza wiketi, mvua ikatishia, na kwa kuwa hawawezi kutangaza, ikabidi wapigaji wote waingie na kujitoa mmoja mmoja. Kisha wakaitoa Qatar kwa 29. Inachekesha, lakini inaonyesha kwamba anayetaka kusimama katika mchezo ule hana mlango wa heshima wa kutokea.

Kulikuwa na njia ambayo si kulegeza. Timu yenye wachezaji kumi na mmoja ina watu ambao hawajapata kushika gongo mechi nzima ya msimu. Waanze hao. Watapiga kwa nguvu zao zote, mpinzani atakutana na juhudi ya kweli, na umbali kati ya pande mbili utapungua bila mtu kuigiza. Nguvu haijazuiwa, imechaguliwa tu iwe ipi.

Lakini mzigo mkubwa si wa wachezaji. Ni wa anayepanga. Na kwa hili tuna mfano ulio wazi kuliko kanuni zote za ICC. Ibn Umar (r.a.) anasimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliofunzwa na kukondeshwa kwa ajili ya mbio kutoka Hafya hadi Thaniyyat al-Wada', maili tano au sita. Na wale ambao hawakufunzwa aliwashindanisha kutoka Thaniyyat al-Wada' hadi msikiti wa Bani Zuraiq, kama maili moja. Ibn Umar mwenyewe alikuwa mmoja wa waliokimbia.

Isome tena polepole. Farasi wasiofunzwa hawakuachwa nyumbani. Hawakuambiwa wasubiri mpaka wafunzwe. Na hawakuingizwa katika mbio za maili sita ili waanguke njiani mbele ya Madina yote. Walipewa mbio zao, zenye mwanzo, mwisho na mshindi wa kweli, siyo za kuigiza. Kugawa huku hakukulenga kuwatenga wanyonge. Kulilenga kuufanya ushindani wao uwezekane.

Najua pingamizi, na ni zito. Anayewekwa daraja la chini hubaki chini. Rwanda yenyewe isingefika popote kama ingecheza na wa saizi yake tu. Mwaka 2016 nahodha wetu Eric Dusingizimana alipiga mipira kwa saa 51 mfululizo katika uwanja wa Amahoro ili dunia ijue kwamba tunajenga uwanja, na Februari 2017 Cathia Uwamahoro akapiga kwa saa 26. (Sijui tuyaweke fungu gani hayo. Hakukuwa na timu mbili, hakukuwa na ubao wa matokeo, mpinzani alikuwa usingizi. Lakini kwa kipimo cha kikwazo, yalikuwa mchezo kuliko mechi ile ya mipira minne.) Kisha Januari 2023, Afrika Kusini, katika Kombe la Dunia la kwanza la wasichana chini ya miaka 19, Henriette Ishimwe aliangusha wiketi nne kwa mipira minne mfululizo dhidi ya Zimbabwe, Rwanda ikashinda, na baadaye wasichana haohao wakaifunga West Indies. Wangekuwa na daraja la wanyonge peke yao, West Indies wangekutana nao wapi?

Pingamizi hili lina nusu ya ukweli. Wasichana wale hawakutoka ETO moja kwa moja hadi West Indies. Kulikuwa na miaka ya kucheza na Kenya, Uganda, Tanzania, timu ambazo kwanza ziliwashinda kwa tofauti inayovumilika, halafu ndogo, halafu zikashindwa. Yule ngamia wa Mtume (s.a.w.), al-Adhbaa, ambaye hakuwahi kupitwa, alipitwa siku moja na ngamia kijana wa bedui, na masahaba wakahuzunika mpaka Mtume akawaeleza kwamba ni haki ya Allah kutokiinua kitu cha dunia ila akakishusha. Bedui yule alikuja na ngamia ambaye angeweza kushinda. Hilo ndilo lililoifanya siku ile isimuliwe. Mnyonge anapaswa kukutana na mwenye nguvu, lakini akutane naye wakati kuna jambo linaloweza kutokea. Kabla ya hapo wakutane mazoezini, wachanganywe timu, nusu Mali na nusu Rwanda katika kila upande, na daftari lifungwe.

Nayaandika haya si kwa ajili ya ICC, ambayo hailisomi gazeti letu. Kamati ya michezo ya jumuiya itapanga mashindano ya baina ya vitivo baada ya mitihani. Kila mwaka tunatumia kura ya vikaratasi, na kila mwaka dada wa mwaka wa kwanza, ambao wengine hawajawahi kushika mpira wa kikapu, huangukia timu ya dada wa mwaka wa tatu wanaofanya mazoezi kila Jumamosi. Baada ya hapo tunashangaa kwa nini hawaji tena, na tunasema hawapendi michezo. Pendekezo langu ni mbio mbili, za Hafya na za Bani Zuraiq, kila moja na kikombe chake, na siku ya mwisho mechi ya kuchanganya ambayo matokeo yake hayabandikwi ubaoni. Kaka wa kamati wameniambia hatuna fedha za vikombe viwili. Basi kinunuliwe kimoja, na kitolewe kwa mbio fupi.